Tarumbeta Lililokataa Kuingia Ndani

Vijana wangu, juzi nilipokabidhi ufunguo wa stoo ya vyombo vya muziki mliniomba niandike jinsi sisi tuliowatangulia tulivyokuwa tukichagua muziki wa harusi. Nadhani mlitaka karatasi moja fupi ya maelekezo. Mtanisamehe. Mtu aliyejifunza kuandika shule ya usiku, taa ya chemli upande huu na usingizi upande ule, akipewa kalamu mchana kweupe haiachi mpaka wino uishe. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini, hayo siyagusi. Yalinichosha yalipokuwa yakitokea, sembuse kuyaandika.

Nianze na Mbeya, miaka ya hamsini. Niliajiriwa duka la Mhindi mmoja aliyeuza vitambaa, baiskeli na gramafoni. Siku ya kwanza kulikuwa na baridi ya kugandisha uji kabla haujafika kooni. Tajiri akaniweka mlangoni, akanionyesha mkono wa gramafoni, akasema zungusha. Kazi yangu ilikuwa hiyo: kuzungusha, kubadilisha sindano, kupindua santuri, kuzungusha tena, ili wapita njia wavutike waingie wanunue kanga. Haukupita muda mkono wangu wa kulia ukanenepa mpaka fundi cherehani akalazimika kuyafumua mashati yangu yote upande mmoja. Mke wangu husema alinikubali kwa ajili ya mkono ule, halafu akagundua kwamba ule mwingine ni wa kawaida.

Aliyenifundisha kazi ni fundi wa duka, Mzee Yoramu, Msafwa mmoja aliyekuwa hamwamini hata mbuzi wake. Alinifundisha kwamba santuri ikiachwa juani inapinda kama chapati. Kwamba asubuhi ya baridi springi inakuwa ngumu, usiilazimishe, ikumbatie kwanza kama mtoto. Kwamba watu wakicheza juu ya sakafu ya mbao sindano inaruka, kwa hiyo meza ya gramafoni ikae pembeni, ukutani, na gazeti likunjwe chini ya mguu mfupi. Kwamba wazee wakiwepo unaziba mdomo wa spika kwa leso, sauti itoke na adabu.

Duka lilikodisha gramafoni kwa harusi, pamoja na mpigaji. Mpigaji nikawa mimi. Kabla sijatoka mara ya kwanza, Mzee Yoramu alinivuta nyuma ya magunia.

"Ukifika nyumba ya harusi usiulize wanapenda nyimbo gani," aliniambia. "Watakudanganya. Uliza nani na nani hawakai pamoja."

"Kwa nini, mzee?"

"Kwa sababu muziki unawakalisha watu pamoja. Ukimkalisha asiyetaka utalaumiwa wewe."

Nilidhani ni maneno ya mtu aliyeumwa na tumbo. Baadaye tajiri alifungua duka la pili Iringa, akanihamishia huko, na huko ndiko nilikomwelewa. Mbeya mtu akikushuku anakuambia papo hapo, na jirani zake wanamsaidia kukuambia. Iringa anakukaribisha chai, halafu anakutazama unavyoinywa. Katika miaka yangu ya kazi sijaona harusi isiyokuwa na mashaka, lakini ile ya Kalenga ilikuwa na mashaka mengi kuliko wageni.

Bwana harusi alikuwa Asajile, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Iringa mjini. Kijana mpole, suruali imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia mkate. Alikuja dukani akaniambia anamwoa Rebeka wa Kalenga. Harusi yenyewe itakuwa ndogo, ya sebuleni, ya chai. Anataka gramafoni.

"Nani anachagua nyimbo?" nikamuuliza.

"Baba mkubwa wa Rebeka. Ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Anataka kuzisikia kwanza."

"Zipi?"

"Zote."

Basi nikabeba sanduku na santuri hadi Kalenga, nikampata Mzee Mgongolwa sebuleni, mzee wa kanisa la Kilutheri, mrefu, koti limefungwa vifungo vyote. Pembeni aliketi dada yake, Shangazi Damari, anasuka kikapu. Asajile alikuwa ameshafika, amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Kamwene," nikawasalimu kwa Kihehe. Wakaitikia kamwene, na mzee akalitazama sanduku.

"Ndani kuna nini?"

"Gramafoni, mzee."

"Na ndani ya gramafoni?"

"Springi."

"Fungua."

Nikatoa bisibisi nikafungua. Akachungulia kwa muda ambao mtu angeweza kulima tuta. "Funga," akasema.

Nikaanza na rumba moja tamu ya kuimbwa kwa lugha ambayo sisi sote hatukuijua. Kwenye maduka ya Mbeya ilikuwa inauzwa kama maandazi. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti.

"Huyu anasema nini?"

"Anamsifu mke wake, mzee."

"Unaijua lugha hiyo?"

"Siijui. Ila sauti yenyewe inaonyesha."

"Sauti ya mtu anayemsifu mke wake naijua. Haiwi hivyo. Damari, wewe umesikiaje?"

"Huyo ni mke wa jirani," Shangazi Damari akasema bila kuinua macho.

Santuri ya kwanza ikatoka. Ya pili aliimba mwanamke. Shangazi akasema anahema sana, ametoka kukimbia wapi. Ikatoka. Nikajiona mjanja, nikaweka kinanda kitupu, hakuna mwimbaji.

"Hii haina maneno kabisa, mzee. Hakuna cha kutilia shaka."

"Ndiyo mbaya zaidi. Wenye maneno tunawasikia. Huyu anaficha."

Mpaka jua linaanza kuegemea magharibi nilikuwa nimebakiwa na santuri mbili, zote za kwaya, na moja ilikuwa na mkwaruzo. Hapo Asajile akakohoa.

"Baba, kuna pia jambo la matarumbeta. Baba yangu anakuja kutoka Tukuyu na wenzake wawili. Wanapiga kanisani kwetu. Watapiga nyimbo za kanisa tu."

Kwa mara ya kwanza siku ile niliona meno ya Mzee Mgongolwa. "Hilo jema. Watakaa benchi lile pale, karibu na maharusi."

"Hapana, baba. Watapiga wakiwa nje. Nyuma ya jiko."

Kikapu cha shangazi kikasimama.

"Mvua ikinyesha?" mzee akauliza.

"Watalowa."

"Kwa nini?"

Asajile akajieleza, na alijieleza vizuri. Kwao, alisema, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Hawakai nyumba moja hata kwa muda wa kikombe cha chai. Hata nguo zake mzee hazitazami. Wakikaribia kukutana njiani, mke anaacha njia anaingia migombani mpaka mzee apite. Si ugomvi, ni heshima, tena ni heshima kubwa kuliko zote alizonazo mke.

"Baba yako si mzee wa kanisa kama mimi?"

"Ni mzee wa kanisa."

"Na kanisani wanafanyaje?"

"Mke anakaa mbali naye, na anatoka mapema."

"Mimi nimekaa Chunya, machimbo ya dhahabu. Nimelala kibanda kimoja na Wanyakyusa. Hakuna hata mmoja aliyenieleza habari hiyo."

"Mlilala na wakwe humo kibandani?" Shangazi Damari akauliza.

Nikaona nimsaidie kijana. Nikasema ni kweli, mimi mwenyewe pale Mbeya nimemwona mama mtu mzima akiruka mtaro na mzigo wa kuni kichwani kwa sababu baba mkwe ametokeza kona ya mbele.

"Wewe umetoka wapi?" mzee akaniuliza.

"Mbeya, mzee."

"Basi." Na ushahidi wangu ukaishia hapo.

Halafu akamgeukia Asajile, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini. "Sikiliza, mwalimu. Sikuhukumu. Lakini mtu anayemchukua mtoto wangu, halafu anaona vibaya kuingia mlangoni kwangu, mimi simwelewi. Rebeka anakwenda mbali. Siku akilia huko, atamlilia nani, mtu wa nyuma ya jiko? Baba yako ataingia humu. Atakaa chini ya bati hili, atakunywa chai yangu, nimwone uso. Asipoingia, kanisani mtafunga ndoa, siwazuii. Lakini Rebeka hatatoka nyumba hii."

Asajile akatazama mikunjo ya suruali yake. Angemwambia nini? Baba yake akikataa, anakosa mke. Baba yake akikubali, anamvunjia mke heshima mbele ya ukoo wote wa Tukuyu siku ya kwanza kabisa.

Nilipotoka na sanduku langu nilimkuta Rebeka uani anapepeta mahindi pamoja na wifi yake, Tusajigwe, dada wa Asajile. Tusajigwe alikuwa ametangulia kuja ili amfundishe mambo ya kwao.

"Ukisikia tu amekohoa, unaondoka," Tusajigwe alikuwa akimwambia. "Usingoje kumwona. Ukimwona umeshachelewa."

"Na nikiwa na ndoo kichwani?"

"Unaondoka na ndoo."

Waliponiona wakanyamaza, na ukimya wa wanawake wawili na ungo mimi siuamini. Rebeka akaniuliza kama baba mkubwa amekubali. Nikasema amekubali nyimbo mbili.

"Siulizi nyimbo, fundi."

Nikamweleza sharti lote. Aliendelea kupepeta mahindi ambayo yalikuwa meupe tayari.

Njia nzima ya kurudi mjini nilikuwa nawashuku wote. Nilimshuku Mzee Mgongolwa kwamba anatafuta sababu ya kuongezewa ng'ombe. Nilimshuku baba wa Asajile kwamba desturi ni ya kweli ila yeye anajificha nyuma yake, kwa sababu hampendi mkwe wa Kihehe. Zaidi ya yote niliyashuku hayo matarumbeta kwamba yamekuja kuninyang'anya kazi.

Siku ikafika. Kanisani Mzee Ambakisye, baba wa Asajile, alikaa nyuma ya nguzo na hakuchungulia hata mara moja. Nilimtazama kuliko nilivyomtazama mchungaji. Mtu mfupi, mpana, mashavu ya mpiga tarumbeta, na alipotusalimia sisi wengine nje alitushika mkono kwa mikono miwili. Hilo nalo nililiona la kutilia shaka. Mtu mbaya huwa anasalimia vizuri.

Kalenga sebule ilijaa. Mikate, maandazi, chai ya maziwa, togwa kwenye ndoo, na pombe ya ulanzi iliyofichwa mahali ambapo kila mtu alipajua. Nikaweka meza yangu ukutani, kando ya dirisha la uani, nikaziba mdomo wa spika kwa leso, nikapiga kwaya wakati watu wananawa mikono. Maharusi walikaa mbele, Rebeka na shela lake limefunuliwa usoni, macho chini kama inavyotakiwa. Halafu kutoka nyuma ya jiko matarumbeta yakaanza.

Niseme ukweli, nilikuwa nimejiandaa kuyadharau. Lakini lile kubwa la sauti ya chini, alilolipiga Mzee Ambakisye mwenyewe, lilipanda kupitia sakafu. Vikombe vilitetemeka mezani. Mama mmoja aliyekuwa na jino bovu alisema limetulia. Ilikuwa kama nyumba imewekewa msingi mwingine chini ya ule wa kwanza.

Wageni wakaanza kunong'onezana.

"Mbona wako nje?"

"Eti desturi."

"Desturi gani ya kukaa na moshi? Huyo amemkataa binti, wanaona haya kusema."

"Mimi nimesikia hali chakula cha watu."

"Na kelele zote hizo si ili asisikie tukimwita?"

Mzee Mgongolwa alikuwa akiyasikia yote, na kila neno lilimwongezea kifungo kwenye koti. Mwishowe akaweka kikombe chini, akatoka. Kwa dirisha langu niliona yote. Alikwenda mpaka nyuma ya jiko, akasimama mbele ya Mzee Ambakisye, akanyoosha mikono yote miwili. Mgeni hawezi kumnyima mwenyeji mkono. Mzee Ambakisye akalitua tarumbeta katikati ya ubeti, akampa mkono, na Mzee Mgongolwa hakuuachia.

"Karibu ndani, mzee mwenzangu."

"Ahsante. Nimeshakaribia. Mtoto wako yumo humo ndani, mzee."

"Chai imo humo ndani."

"Nihurumie, ndugu yangu."

"Mimi ndiye wa kuhurumiwa. Twende."

Wale wenzake wawili, kwa kutojua wafanye nini, waliendelea kupiga. Ndani watu hawakuelewa kilichotokea, waliona tu kwamba wimbo umekuwa mwembamba. Lakini Rebeka alielewa. Sauti ya chini ilipokatika aliinua kichwa, akamtazama Tusajigwe, na Tusajigwe akafumba macho mara moja kumwashiria. Rebeka akashusha shela usoni, akakusanya gauni kwa mkono mmoja, akaruka sinia la maandazi kama swala, akapita mlango wa nyuma.

"Bibi harusi amekimbia," mtu akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akiitarajia habari hiyo tangu asubuhi.

Asajile akasimama, uso kama unga. Shangazi Damari akamkamata koti. "Kaa chini, mwalimu. Miguu ile naijua. Haijakwenda mbali."

Ndipo wazee wawili wakaingia kwa mlango wa mbele. Mzee Ambakisye alikuwa anavutwa kwa mkono mmoja, kwa mwingine amejikinga macho, anatazama vidole vyake vya miguu. Akaketishwa. Kikombe kikawekwa mbele yake. Alipopenyeza jicho kati ya vidole akaona kiti cha bibi harusi ni kitupu, alishusha mkono, akatoa pumzi ndefu kama gurudumu la lori linalotolewa upepo.

"Rebeka yuko wapi?" Mzee Mgongolwa akauliza. Akamgeukia Asajile. "Mwalimu, mmepanga hili."

"Hapana, baba."

"Fundi?"

"Mimi ni wa sindano tu, mzee."

Mzee Mgongolwa akaenda mpaka mlango wa nyuma akautazama ua. Nami nikanyoosha shingo dirishani. Rebeka alikuwa amekaa nyuma ya jiko, juu ya gogo lilelile alilokalia baba mkwe wake, mgongo umeelekea nyumba, shela limemfunika mpaka magotini. Tarumbeta kubwa alikuwa amelipakata ili lisilale mavumbini. Wale wapigaji wawili walikuwa wamesogea kando na kutazama mlimani.

Tusajigwe akaja mpaka kizingitini. "Anasema baba anywe chai yake taratibu, asiharakishwe. Na anamsalimu."

"Anamsalimu nani? Mimi?"

"Baba mkwe wake. Wewe anasema utoke tu, anakungoja."

Mzee Mgongolwa alishika mwimo wa mlango. Watu wakageuza shingo kumtazama. Nimeona wazee wengi wakikasirika harusini, na mkono wangu ulikuwa tayari kwenye santuri ya kwaya, ile yenye mkwaruzo, nifunike maneno yatakayotoka. Lakini hakukasirika.

"Nilisema hatoki nyumba hii," alisema polepole. "Kumbe ameshatoka."

Halafu akatoka yeye pia. Akaenda akakaa kwenye gogo kando ya mtoto wake. Waliyozungumza sikuyasikia, ingawa nilijitahidi mpaka nusu ya mwili wangu ilikuwa nje ya dirisha. Niliona tu mzee anafungua kifungo cha juu cha koti, halafu cha pili, na kichwa chenye shela kinaegemea bega lake.

Wale wawili wa matarumbeta, labda kwa kuona haya kusikiliza, wakaanza tena wimbo ule walioukatisha. Ulisikika vibaya. Ulikuwa na shimo chini yake, mahali ambapo sauti kubwa ilitakiwa kuwa. Ndani Mzee Ambakisye aliweka kikombe. Alivumilia ubeti mmoja. Ubeti wa pili akashindwa, akaanza kuimba sehemu yake mwenyewe, mdomo umefumbwa, kutoka kifuani, na vikombe vikaanza kutetemeka tena. Huko nje wale wawili wakamsikia, wakamfuata. Mimi nikaitoa sindano, nikafunika mashine. Hapakuwa na kitu cha kuongeza.

Kutoka uani tukamsikia Mzee Mgongolwa akiita.

"Damari. Mtolee sanduku lake."

Shangazi Damari akaingia chumbani, akatoka na sanduku la nguo la bibi harusi kichwani, akalipitisha katikati ya sebule mbele ya wageni wote. Asajile akainuka kumpokea. Mzee Ambakisye alipoona ni sanduku la nani, akageuza uso ukutani mpaka lilipopita, na hakuacha kuimba.